Masale Manne Kwenye Hema la Aloyce

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kwenye njia ya kanisani ananiuliza swali lile lile, na wengi wananiuliza huku wanatazama viatu vyangu. Nimechoka kujibu nusu nusu. Ninaandika yote mara moja, jirani yangu Mama Beata awasomee wanajumuiya siku moja, na mwenye la kusema aseme akiwa ameshasikia.

Nilikwenda kulala porini. Nililala siku tatu, peke yangu, kwenye hema la marehemu mume wangu, mahali pasipo na geti, bomba, choo wala mlinzi. Sikwenda kwa mwanamume. Sikwenda kwa mganga. Akili zangu ninazo.

Aloyce mlimjua. Alipanda mlima miaka ishirini na miwili, kwanza mpagazi, baadaye mpishi wa wageni. Wapagazi wanajiita wagumu, naye alikuwa mgumu kweli. Hakufia mlimani kama wengine wanavyosimulia. Alifia kitandani kwetu, kifua kilimbana siku nne, nikiwa nimemshika mkono. Maisha yake yote alibeba mahema ya watu, na mimi mke wake sikuwahi kulala ndani ya hema hata mara moja. Kazi yangu ilikuwa kuyaanika uani, kuyakung'uta mchanga na kuyakunja. Alikuwa akiniambia, "Mama Aneth, nikiacha kazi ya mlima nitakupeleka upande wa pili, kule tambarare. Hakuna geti. Hakuna wa kukuuliza jina. Tutalala tu." Aliniahidi hivyo miaka kumi na tisa. Mwanzo nilimcheka, mwisho nikamkasirikia, na lazima niseme kweli: alikufa nikiwa bado nimemkasirikia kwa jambo hilo.

Katika ukoo wao mjane halali nje ya nyumba mpaka tanga lianuliwe. Sikupinga. Lilikuwa lianuliwe baada ya siku arobaini. Evarist, kaka yake Aloyce, akasema tusubiri ndugu wa Dar. Ndugu wa Dar wakaja, wakala, wakaondoka. Akasema tusubiri kahawa ivunwe. Hapo nikaelewa. Mtoto wangu ni mmoja, Aneth, na ni wa kike. Kihamba chetu, yaani nyumba, migomba, kahawa na kaburi la Aloyce, kinapakana na kihamba cha Evarist.

Nikamwendea. "Shemeji, nataka kusafiri siku chache kabla mvua hazijaanza."

"Tanga bado."

"Wewe ndiye unayelishikilia."

"Ukilala nje hata siku moja, umeiacha nyumba. Na nyumba iliyoachwa inarudi kwa ukoo." Aliyasema hayo anatabasamu, anakata jani la mgomba kwa panga. Mgomba ulikuwa wangu.

Asubuhi yake nikalitoa hema stoo.

Kushuka kutoka Uru

Kabla ya kuondoka nilikwenda kaburini, pale nyuma ya nyumba, nikakata vipande vinne vya sale. Kwa asiye wa huku, sale ni mmea wetu wa majani marefu, tunaupanda juu ya makaburi na kwenye mipaka ya vihamba, na mtu aliyekosa akitaka kusamehewa humpelekea mwenzake jani lake. Nilivikata kwa sababu safari ilikuwa ya watu wawili. Nikavifunga kwenye khanga pamoja na kiburu, yaani ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, chakula kisichoharibika haraka.

Ng'ombe nikamwachia Mama Beata. Hakuniuliza chochote. Aliniambia tu, "Shuka kabla Evarist hajaamka kwenye ulevi wa mbege ya jana."

Nilisokota ngata ya majani makavu ya mgomba, nikajitwika hema, nikashuka kwa miguu. Hakuna aliyeshangaa. Sisi tunateremka kila siku kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani, kwa hiyo mwanamke mwenye mzigo mkubwa ni kitu cha kawaida. Kijana mmoja tu kwenye daraja la mfongo, mfereji wetu wa maji, aliniita: "Mama, leo umekata majani ya rangi ya chungwa?"

"Ya ng'ombe wa kizungu," nikamjibu, nikapita. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu mazishi, nikajiona nimekosea, halafu nikaona sikukosea.

Majengo

Zipu ya mlango wa hema ilikuwa imekufa. Nilielekezwa kwa fundi cherehani wa Majengo, mjini Moshi, Mzee Rajabu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee. Nina hema linataka zipu."

"Marahaba mwanangu. Hema la harusi au la msiba?"

"La kulala."

Akalitandaza barazani, akalizunguka. "Hili dogo. Wageni watakaa wapi?"

"Hakuna wageni. Nalala mimi."

"Umefukuzwa?"

"Bado."

Umeme ulikatika kabla hajaweka sindano. Cherehani yake ni ya umeme, ya miguu ameiuza. Tukakaa. Ilipofika adhuhuri akaenda msikitini, akarudi, umeme haujarudi. Mkewe akatuletea wali na maharage ya nazi, nami kwa adabu nikatoa kiburu changu. Mzee Rajabu akaonja, akatafuna muda mrefu.

"Hii chumvi yake iko wapi?"

"Imebaki Uru."

Mwisho alichoka kusubiri, akachukua sindano ya mkono. Aliposhona ukingo wa mlango alikuta kiraka cha zamani, kimeshonwa kwa mshipi wa kuvulia, mshono mkubwa mkubwa. Sikuwahi kukiona, pamoja na kulikunja hema lile miaka yote. Mzee akakipapasa kwa kidole.

"Aliyeshona hapa hakuwa fundi. Lakini alikuwa na subira. Nikitoe niweke kizuri?"

"Kiache."

Akaniangalia juu ya miwani, akaelewa mimi ni mjane. Akanipa pole. "Kwetu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, halafu inakwisha, anaoga, anatoka. Yenu ina mwisho?"

"Yangu ina Evarist."

Alicheka mpaka sindano ikamchoma.

Alipomaliza, jua lilikuwa limeshachwea. Mkewe akakataa nisiende popote, akanilaza chumbani na mama yake mzazi, bibi aliyekoroma mpaka alfajiri. Kwa hiyo mnaohesabu, hesabuni vizuri. Kama kulala nje ni kuiacha nyumba, basi niliiacha nikiwa Majengo, ubavuni mwa bibi wa miaka themanini, wala si porini.

Kwa Sadala

Asubuhi nikafika Kwa Sadala. Ilikuwa siku ya soko. Gari la kwenda upande wa tambarare lilikuwa Noah moja, na dereva wake hakuondoka mpaka ijae, na haikujaa, kwa sababu kila aliyeingia alikumbuka kitu sokoni akatoka. Nilikaa saa tatu juu ya hema langu pembeni mwa mama mmoja muuza maparachichi. Alitaka kujua ninakokwenda. Nikamwambia.

"Unakwenda kulala porini kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

"Una kitanda nyumbani?"

"Kipo."

"Kina godoro?"

"Kinalo."

Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mmwone mtu! Sisi babu zetu wametoka porini kwa tabu, mwenzetu anarudi na nauli yake mwenyewe!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Halafu akanipa parachichi mbili, akakataa malipo. "Kula. Ukiliwa na fisi, uliwe umeshiba."

Hapo hapo Aneth akanipigia simu kutoka Dodoma.

"Mama, baba mkubwa amenipigia. Anasema umechanganyikiwa, umebeba hema umeingia mjini."

"Wewe unaonaje?"

Nilisikia pikipiki zinapita kwake. Akasema, "Umebeba maji?"

"Dumu la lita tano."

"Mama! Siku tatu?"

"Mito si ipo?"

Mtaona kosa langu. Mtu wa Uru hajui kubeba maji. Kwetu unanyoosha mkono, mfongo uko pale, unasikia maji hata ukiwa umelala. Nilibeba kitunguu, nilibeba rozari, nilibeba hata kipande cha sabuni ya kuoga. Maji nilibeba ya kuonjea.

Tambarare

Noah ilinishusha njia panda, nikachukua bodaboda. Tulikwenda kwenye njia ya vumbi, mashamba yakaisha, miti ikawa mifupi yenye miiba, nyumba ya mwisho ikabaki nyuma. Nilikuwa na maelezo ya Aloyce kichwani: jiwe bapa kubwa kama meza ya altare, na mgunga wenye mashina mawili. Nilipoviona, nikamgonga dereva bega.

"Mama, hapa?"

"Hapa."

"Hapa kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana nimekuja."

Akazima pikipiki. "Mimi nina mama yangu. Siwezi kumwacha mama wa mtu hapa."

"Utaniacha, na mtondo, jua likiwa juu, utanifuata. Usiponifuata nitatembea, na nitakutafuta."

Alipoondoka, mlio wa pikipiki ulichukua muda mrefu kuisha. Ulipoisha hapakubaki sauti nyingine. Nikageuka kuutazama mlima, nikaogopa kidogo. Haukuwa mlima wetu. Uru tunakaa chini ya miguu yake, kilele cha Kibo huku na cha Mawenzi kule. Huku Mawenzi haipo kabisa, imejificha nyuma ya Kibo, na Kibo yenyewe imelala pana kama ng'ombe aliyeshiba. Nimeishi miaka hamsini na miwili na mlima ule, nikadhani ninaujua.

Kusimamisha hema hakukunishinda. Nilikuwa nimemwona Aloyce akifanya uani mara nyingi, naye alikuwa na mdomo wakati wa kazi. Alizoea kusema masharti kama sala: usilale korongoni hata likiwa kavu, usikate mti mbichi, jivu lizikwe likiwa baridi, choo hatua mia na ufukie, na ukiondoka pasionekane kwamba palilala mtu. Nilifuata yote. Halafu, bila kufikiri sana, nikatoa masale manne nikayachomeka kwenye pembe nne za hema. Moyoni nilikuwa nimesema nitayaweka mlangoni, kama Aloyce amekaa pale. Lakini mkono una mazoea yake. Sisi watu wa vihamba hatujui kukaa mahali pasipo na pembe.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa raha. Jioni ile nilikaa juu ya jiwe nikamaliza kusali rozari na jua bado lipo. Nilikuwa sina ng'ombe wa kukamua, sina kuni za kupasua, sina mtu wa kumpikia. Nilichoka kukaa kuliko ninavyochoka kulima. Fisi walilia mbali, kisha si mbali sana, nami nikafunga zipu ya Mzee Rajabu nikaishika kwa ndani mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimwambia Aloyce maneno ambayo sitayaandika. Hayakuwa ya maombolezo.

Asubuhi ya pili

Maji yalikwisha na chai ya asubuhi. Nilikwenda korongoni na dumu langu nikakuta mchanga, na nyayo za punda. Nilikuwa ninarudi nilipowaona wanaume watatu wamesimama kwenye hema. Wawili vijana, wenye fimbo, na mzee mmoja aliyevaa shuka na koti la suti. Mzee alikuwa anaigusa sale moja kwa ncha ya fimbo yake, kama mtu anayegusa nyoka kuona kama amekufa.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Nani amekutuma kupima?"

"Sijapima kitu."

"Haya ni nini?"

"Masale."

"Najua ni masale! Nimelinda nyumba za watu Moshi miaka sita. Mchagga akichomeka haya leo, kesho analeta matofali, keshokutwa analeta mbwa." Vijana hawakucheka. Mmoja alikuwa ameshika simu, anapiga picha hema langu.

"Baba, niliambiwa hapa hapana mwenyewe."

"Nani alikwambia?"

"Mume wangu."

"Mwite aje aniambie mimi."

"Amekufa. Hayo masale yametoka kaburini kwake."

Mzee akaiondoa fimbo taratibu. Kijana akashusha simu. Nilijua nimeshinda kwa maneno hayo, lakini nilipowatazama, na kuzitazama zile pembe nne nilizoweka kwenye nchi ya watu, niliona aibu ambayo sijaiona tangu utoto. Mimi, niliyeondoka nyumbani kwa sababu ya mtu anayetamani kihamba changu. Nikapiga magoti, nikaanza kuyang'oa moja moja. Ardhi ilikuwa ngumu, moja likakatika.

"Nimekosa," nikasema. "Sikuyaweka kwa nia hiyo. Lakini nimeyaweka."

Mzee akakaa juu ya jiwe langu. Jina lake Loishiye. Akaniuliza ninachoona nikitazama mbele.

"Majani makavu," nikamwambia.

"Na ng'ombe?"

"Hakuna."

"Hakuna kwa sababu tumewatoa. Tangu mvua za mwaka jana hatujalisha hapa. Tunapaacha tupu makusudi, ili kiangazi kikizidi, ndama na wagonjwa wapate pa kula. Anapita mtu wa gari anasema, ah, pori hili halina mtu. Mumeo alipita na gari?"

"Kwa miguu, nadhani. Sijui. Labda alisimuliwa tu."

Hilo nalo ni kweli, na liliniuma kulisema. Sijui kama Aloyce alilala pale hata siku moja.

"Patupu si kwamba pameachwa," Mzee Loishiye akasema. Halafu akapiga kelele kwa Kimaasai kuelekea miti, na mwanamke akatokea na punda mwenye madumu. Kumbe alikuwa pale muda wote, anasubiri kujua kama ni ugomvi.

Nasieku

Huyo alikuwa mke wake, Nasieku, rika langu. "Takwenya!" akanisalimu. Salamu hiyo hata sisi wa Moshi tunaijua, nikaitikia "Iko!" naye akafurahi kama mtu aliyemsikia mbuzi anaongea. Akanijazia dumu. Akanipa maziwa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Nilidhani yameungua, nikayanywa kwa heshima huku ninamwonea huruma mpishi. Baadaye nikajua moshi ndio upishi wenyewe, kibuyu kinasafishwa kwa kijinga cha mti maalumu. Nilipomweleza nilivyomfikiria, alijipiga mapaja kwa kucheka.

Akalizunguka hema kama Mzee Rajabu alivyolizunguka. "Nyumba hii nani amejenga?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi ni yako. Kwetu mwanamke ndiye anajenga, na nyumba ni yake. Mwanamume anabisha hodi." Akamtazama mumewe. "Au siyo?"

"Ndiyo," akasema Mzee Loishiye, "na mvua ikivuja pia ni yake."

Nasieku akaingia ndani, akalala chali, miguu nje. Akakataa kutoka. Alisema inatetemeka kama mbuzi anayeogopa, lakini ni nzuri. Tulikula parachichi za Kwa Sadala, yeye akaweka chumvi, mimi sina. Alinionyesha mimea na mimi nikamwonyesha kukunja kamba. Mzee aliporudi kutoka kwa mifugo yake alituambia tunaongea kuliko kasuku. Alipoondoka akaniambia, "Lala siku zako. Ukienda, majani yasimame."

Usiku wa tatu sikushika zipu. Nilimwambia Aloyce, "Umenileta," nikalala. Machozi hayakuja hata hapo, na sioni haya kusema hayakuja. Kila mtu ana maji yake na mahali pake pa kuyamwaga.

Asubuhi nilikunja hema. Chini yake majani yalikuwa yamelala, yamefanya umbo la kitanda. Niliyainua kwa vidole kama ninavyochana nywele za mtoto, mpaka nilipochoka. Nikalizika jivu lililokwisha kupoa. Niliokota maganda ya kitunguu, kokwa za parachichi, na uzi mmoja wa rangi ya chungwa. Masale yangu, matatu mazima na moja lililokatika, nikayafunga kwenye khanga. Dereva wa bodaboda alifika jua halijawa juu bado. Alisema hakulala vizuri siku zote tatu.

Nyumbani

Mama Beata alinisubiri kwenye kona ya njia, akashika mzigo wangu kabla sijamwamkia.

"Usikasirike kwanza," akasema.

Nikajua.

Evarist alikuwa amepanda masale kumi na moja. Mstari ulitoka kwenye uzio wake, ukakata katikati ya kahawa yangu, ukapita hatua mbili kutoka ukuta wa jiko. Migomba yote ya juu ilikuwa upande wake. Na kaburi la Aloyce lilikuwa upande wake.

Mnajua kwamba sale halinyofolewi ovyo. Mtu aking'oa sale la mpaka, ukoo wote unasimama, na mwenye kung'oa ndiye mkosaji, hata kama aliyepanda ni mwizi. Evarist alilijua hilo. Alinitegea. Mama Beata alinishika mkono akidhani nitayarukia.

Sikuyagusa. Nilifungua hema nikalisimamisha juu ya mstari wake, kati ya sale la tano na la sita, mlango ukitazama kaburi. Nikapigilia vigingi. Nikapika mtori jikoni, nikamkamua ng'ombe, nikarudi kulala hemani, kwenye kihamba changu, futi chache kutoka kitanda changu chenye godoro.

Asubuhi ilikuwa Jumapili, na njia ya kanisani inapita pale pale. Wengi wenu mlikuwepo, lakini wengine mmesimuliwa vibaya, kwa hiyo naandika kama yalivyosemwa. Evarist alitoka amevaa shati jeupe.

"Mama Aneth, hii nini?"

"Nimepiga kambi."

"Kwenye mpaka?"

"Mpaka wa nani?"

"Uliiacha nyumba. Umelala nje siku nne, kila mtu anajua."

"Nimelala nje, sikatai. Nyumba nilifunga kwa kufuli, ng'ombe nilimwachia jirani, na mimi nimerudi. Patupu si kwamba pameachwa, shemeji. Hata watu wa tambarare wanajua hilo, na hawana hata uzio."

"Utalala hapo mpaka lini?"

"Mpaka uje uyang'oe. Yako, uliyapanda mwenyewe. Mimi siyagusi."

"Na mvua zikija?"

"Zipu ni mpya."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Mama Beata, na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akapaza sauti kwa njia nzima kusikia: "Kumbe shemeji ameleta masale kumi na moja! Mimi nilijua mtu akimkosea mwenzake anapeleka jani moja tu. Huyu ana makosa mengi kiasi gani?" Mlicheka. Evarist hakucheka, wala hakwenda kanisani siku ile.

Kuna waliokuja kuniambia kwa upole kwamba ninamwaibisha kaka wa marehemu. Nawajibu hapa hapa. Nimemaliza kuogopa. Nilifuata desturi siku arobaini, na nyingine arobaini juu yake, na ningefuata mpaka mwisho kama mwisho ungekuwepo. Aliyeiharibu ni yule aliyeifanya kamba ya kunifungia.

Leo ni siku ya sita niko hemani. Jumatatu alfajiri nilikuta masale mawili hayapo, mashimo yamefukiwa vizuri. Jumanne mengine matatu. Anayang'oa kabla watu hawajaamka, na mimi namsikia, ninalala kimya, simwaibishi. Kufikia jana yamebaki mawili, la tano na la sita, ambayo yako chini ya mbawa za hema, na hayafikii bila kuniambia hodi.

Masale yangu manne nimeyarudisha kaburini. Hata lile lililokatika limeanza kushika.

Tanga litaanuliwa Jumamosi, mimi ndiye mwenye msiba na mimi nimesema. Mama Beata ameshaloweka ulezi wa mbege. Njooni wote. Evarist namkaribisha pia, ila apitie huku, abishe hodi.